Ufizi Uliokaa Kimya

Karakana, 9 Februari

Mpwa wangu,

Kabla ya yote ujue kwamba barua hii imeandikwa na mkono ambao ukipumzika siku tatu, mtaa mzima unakaa sakafuni. Sijisifu, nakupa habari. Hakuna kochi hapa, kuanzia la mwenye duka la kona hadi la hakimu mstaafu, ambalo halijapita chini ya nyundo yangu. Hakimu mwenyewe alinitamkia, mbele ya mashahidi, kwamba angekalia kiti kama hiki enzi za kazi yake, hukumu zake zingekuwa za upole zaidi. Hesabu mwenyewe ni watu wangapi wamefungwa kwa sababu walichelewa kunifahamu.

Mama yako, dada yangu, hajambo isipokuwa goti. Na goti lenyewe linauma akiambiwa apande ngazi za kwangu tu. Ngazi za mashoga zake linazipanda bila neno. Jirani yangu kinyozi, yule tunayegawana ukuta na redio, anakusalimu. Barua yako niliisoma kwa sauti karakanani kama kawaida, maana simu siitaki, simu haina cha kuwasomea watu. Nilipofika pale unaposema unafanya kazi na panya wenye ugonjwa wa fizi, kinyozi alicheka hadi akaweka mkasi chini. Akauliza kama ulisomeshwa miaka yote ile ili ukawapige panya mswaki. Nikamwambia huyu ni damu yangu, na panya wake si hawa wa darini kwako, wale wana mafaili.

Sasa jambo lenyewe. Ulieleza kwamba neva zilizo ndani ya ufizi hazipeleki maumivu kichwani tu. Ncha zake zinadondosha kemikali, na kemikali hizo ndizo zinazowaita askari wa mwili, ufizi ukavimba. Ukasema mlipozuia kemikali moja, uvimbe wa panya ulipungua. Nililisoma hilo mara nne. Mimi shule niliiacha darasa la sita, si kwa kushindwa, ni mwalimu aliyekuwa amefika mwisho wa anayoyajua. Nikaelewa papo hapo. Neva ndiyo mchochezi. Anapiga kelele, askari wanakuja, wanavunja nyumba. Mzibe mdomo mchochezi, fujo imekwisha.

Fizi zangu zilikuwa zinatoa damu kidogo, kidogo tu, ya kupaka mswaki rangi. Jino moja la chini lilinisumbua, nikalimaliza mwenyewe mwezi uliopita. Nilikaa kwenye kochi la hakimu, nikashika koleo la kung'olea misumari, nikavuta mara moja, nikalitupa dirishani, nikaendelea kupigilia. Sikuguna. Muulize kinyozi, pengo aliliona kabla halijakauka. Kwa hayo yaliyobaki nimepata chupa ya dawa ya ganzi kwa muuza dawa mmoja anayepita na begi. Unapaka kwa pamba asubuhi na jioni. Siku ya pili maumivu yalifunga virago. Nimepona kwa sayansi yako, na sifa tutagawana.

Mjomba wako,
Fundi Mkuu


Maabara, 2 Machi

Shikamoo mjomba,

Nimecheka na nimeogopa, sijui kipi kilitangulia. Mimi sijambo. Chumba chetu cha kazi hakina dirisha, kwa hiyo mchana naujua watu wakianza kuaga kwenda kula. Mwenzangu wa meza ya pili amejifungua mtoto wa kike. Mwambie mama sweta limefika, na goti aliinue juu ya mto anapokaa. Mwambie na kinyozi kwamba siwapigi panya mswaki. Wangepigwa mswaki wasingeugua, nasi tungekosa kazi.

Mjomba, kwenye chupa hiyo kumeandikwa nini? Naomba unijibu hilo kabla ya habari za hakimu.

Nilichokuandikia ni kweli, lakini ni nusu, na kukupa nusu ni kosa langu. Ncha za neva hazitoi kemikali ya aina moja. Zipo zinazopanua mishipa ya damu na kuita chembe nyeupe, hao unaowaita askari. Zikizidi, askari hao hao wanaanza kuharibu mfupa unaoshika jino. Lakini zipo nyingine zinazowatuliza, zinazowaambia kazi imekwisha, rudini. Nyingine zinasaidia kidonda kufunga. Neva ile ile inayopuliza moto ndiyo inayobeba ndoo ya maji. Sisi tulizuia kemikali moja, kwa vipimo vidogo, kwa panya. Wewe umemlaza mlinzi mzima, mwenye kelele na mwenye busara pamoja, na vijidudu walio chini ya ufizi hawajalala hata mmoja.

Nijibu na haya: je, kuna jino lingine linalocheza ukilisukuma kwa ulimi? Kinywa kinatoa harufu? Ukibonyeza ufizi, kunatoka usaha? Nenda kwa daktari wa meno. Acha hiyo pamba.

Mpwa wako


Karakana, 30 Machi

Mwanangu, marahaba,

Barua yako nzuri sana, ina mwandiko wa mtu anayekula vizuri. Mama yako anasema asante, mto ameuweka chini ya goti, sasa analalamika shingo. Mimi kazi zimenizidi. Nimeletewa makochi kumi na mawili ya ukumbi wa mikutano, na mwenye ukumbi amesema wageni wakikaa hawataki tena kusikiliza mkutano, wanataka kujua aliyetengeneza.

Unauliza kwenye chupa kumeandikwa nini. Hakujaandikwa kitu. Ni chupa ya kweli, haina maneno mengi. Vitu vyenye maandishi mengi ndivyo vinavyoficha.

Hayo maswali yako mengine nimeyaona.

Nikupe badala yake habari ya kukufurahisha. Siku hizi hapa naitwa Daktari. Nilisoma barua yako ya kwanza tena mbele ya watu, ile ya mchochezi, kwa sababu ya pili ina maneno magumu na ingewachanganya. Mwenye kuuza sponji amekuja na shavu lake, nikampaka. Mpiga pasi amekuja, nikampaka. Kinyozi yeye alikuwa na gego linalomkesha wiki nzima, akawa anataka kwenda hospitali, nikamwuliza, mtu mzima unaenda kulia mbele ya watoto wenye makoti meupe? Akanitazama pengo langu. Akasema: "Kama wewe ulivuta kwa koleo ukanyamaza, mimi nitashindwa na pamba?" Nikampaka. Kesho yake alikuwa ananyoa huku anaimba, na wewe hujamsikia akiimba, ungejua ni ushahidi mkubwa.

Mimi mwenyewe sisikii kitu kabisa, tangu jino la kwanza upande huu hadi la mwisho upande ule. Unajua ninavyofanya kazi: misumari midogo thelathini mdomoni, naitoa kwa ulimi mmoja mmoja, kichwa mbele, nyundo inaufuata. Hakuna fundi mwingine anayefika ishirini. Jumanne nilitia thelathini, nikapigilia ishirini na tisa. Nilitafuta chini, nikatafuta ndani ya sponji. Utakuwa umeingia kwenye kochi la ukumbi, na Mungu amsaidie mgeni atakayelikalia.

Daktari wa mtaa,
mjomba wako


Maabara, 21 Aprili

Shikamoo mjomba,

Salamu kwa mama. Leo sina habari nyingine.

Sikukuambia kila kitu kuhusu panya wetu, kwa sababu nilikuwa nakuandikia yale yanayopendeza kusoma. Tulikuwa na kundi jingine. Kundi hilo tuliwanyamazisha neva za maumivu kabisa, kisha tukawaacha na vijidudu wale wale. Mjomba, hao ndio waliokuwa na afya ya kutamanisha. Manyoya yanang'aa. Wenzao walikuwa wanaacha chakula kigumu, hawa walikuwa wanatafuna hadi unasikia toka mlangoni. Mimi ndiye niliyekuwa nawapima uzito kila asubuhi, na niliandika kwenye daftari langu kwamba kundi hili linaendelea vizuri sana. Siku tulipofungua taya zao, mfupa ulikuwa umekwisha. Meno yalikuwa yameshikwa na nyama tu. Walikula vizuri hadi asubuhi ile.

Kwa panya wetu ilikuwa hivyo. Kwa watu sayansi bado inachunguza, siwezi kukuapia. Lakini huo msumari wa thelathini sitaki kuufikiria, na wewe ungekuwa hapa usoni pangu ungeona kwamba sitanii.

Usimpake mtu mwingine. Mwambie kinyozi aende leo kwa daktari, hata kama anaimba. Mwambie akiona uvimbe chini ya taya, au homa, au kumeza kunakuwa kugumu, au mdomo hautaki kufunguka, asingoje kesho. Gego la chini lina njia ya kushuka shingoni, na likishuka halitoi taarifa mara mbili.

Tafadhali isome barua hii mbele ya watu kama unavyosoma nyingine.

Mpwa wako


Karakana, 2 Juni

Mwanangu,

Marahaba, kama uliamkia. Barua siku hizi zinachelewa sana, watu wa posta wamekuwa na dharau. Mama yako yupo, anakula. Mvua ilinyesha ikaingilia upande wa mashariki, nikahamisha vitambaa. Nimenunua cherehani ya pili. Hakimu amempata mjukuu, akanitaka nipendekeze jina, nikakataa kwa unyenyekevu.

Kazi zimepungua kidogo. Nimepunguza mwenyewe, mtu akishakuwa na jina hana haja ya kukimbizana. Misumari sasa naiweka kwenye kopo. Ni mtindo mpya, mafundi wakubwa wote wanafanya hivyo.

Kuna utulivu hapa. Redio ya upande wa pili wa ukuta haisikiki, kwa hiyo nasikia saa yangu inavyotembea, sikujua kama ina kelele namna ile. Nimeamua pia kufuga nywele. Mtu wa umri wangu zinampa heshima.

Zaidi sina. Masomo yako yaendelee, ila ukiniandikia usiandike habari za panya. Wateja hawapendi.

Mjomba wako


Maabara, 17 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Tangu nijue kuwatofautisha watu, sijawahi kukuona na nywele za wiki tatu. Kila barua yako ina kinyozi: kinyozi kacheka, kinyozi kasema, kinyozi kaimba. Hii ya mwisho haina. Nimeisoma mara nne, kama ulivyoisoma ile yangu.

Nimemwandikia mama, naye amenijibu mistari mitatu. Anasema kinyozi yuko hospitali tangu mwezi uliopita. Taya lilivimba likaungana na shingo, wakampasua wakamwekea bomba apumue. Anasema madaktari wanamwuliza mkewe ni kitu gani kilichopakwa mle kinywani, na mke hajui. Mama hajui kama wewe unajua. Mimi najua kwamba unajua.

Wale wanaomtibu wanafanya kazi kizani. Hawajui kama nyama ile imeunguzwa na dawa au imeoza kwa ugonjwa, hawajui ganzi imeingia kiasi gani, hawajui alianza kupakwa lini. Chupa ndiyo itakayowaambia, na iko kwenye rafu yako. Ipeleke, hata kama imebaki harufu tu. Mwambie daktari siku uliyoanza kumpaka. Kisha kaa na wewe kwenye kiti chake ufungue mdomo.

Sikulaumu peke yako. Nilipokuandikia barua ile ya kwanza nilijua utaisoma kwa sauti. Niliandika ili mtaa useme, mtoto wa dada yake fundi ana akili. Ile sentensi kwamba tulizuia uvimbe niliipigia mstari mwenyewe kwa rula. Ya kundi la pili nilikuwa ninayo tayari, nikaiacha kwa sababu iliharibu utamu.

Mficha maradhi, mjomba, methali hiyo unajua inavyomalizika. Safari hii mgonjwa si mfichaji.

Nenda kabla hujakunja karatasi hii.

Mpwa wako


Karakana, 6 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako hajambo. Goti limepona ghafla siku ya kunifuata mimi. Alipanda ngazi zangu zote bila kushika ukuta, akasimama mlangoni, akaniambia vaa viatu. Mimi nilikuwa nimeshavivaa, ila nilikuwa nimekaa navyo tangu asubuhi.

Nianze na ile barua yako ya Aprili. Posta hawana kosa, ilifika mapema. Niliipima kwa mkono, nikaona ni nyepesi, na wewe huandiki nyepesi ila ukiwa na hasira. Nikaitia chini ya sponji la kochi la hakimu, nikapigilia kitambaa juu. Nilikuwa nimemwahidi kochi lake wiki ile, basi likaondoka nalo. Miezi miwili hakimu amekalia maneno yako. Nimelifuata juzi, nikafumua mbele yake, nikasomea pale pale nimepiga magoti. Alinisogezea tu taa.

Siku uliyoiandika, kinyozi alikuwa bado ananyoa. Ningeifungua ilipofika, angekuwa na siku tisa kabla taya halijavimba.

Chupa nimeipeleka. Daktari wa wodi aliinusa, akairudishia kizibo haraka, akaniuliza nimempaka mara ngapi. Nilitaka kusema mara mbili tatu. Mama yako alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikasema asubuhi na jioni, wiki sita, na kila alipolalamika kwamba ganzi inaisha nilimwongezea. Aliandika. Akasema sasa angalau wanajua wanapigana na nini. Sikumwuliza kama wanashinda. Homa inashuka mchana na inarudi jioni, mke wake ameniambia hivyo bila kunitazama. Mwenye sponji na mpiga pasi nimewafuata nyumbani mmoja mmoja, nikawasindikiza hadi mlango wa kliniki. Mpiga pasi aliniita Daktari njiani, kwa mazoea, nikamwomba aache.

Kisha ikawa zamu yangu. Daktari wa meno ni binti, umri wako. Niliketi nikamwambia kiti chake kimeshonwa vibaya, akasema fungua mdomo. Alikuwa anaongea na msaidizi wake habari za chakula cha mchana. Akaangaza taa mle ndani, akanyamaza katikati ya neno. Aligonga jino, akauliza unasikia? Nikasema hapana. Akagonga jingine. Hapana. Alibonyeza ufizi kwa kidole nikaona glavu inatoka na rangi, mimi sisikii kitu, kana kwamba anabonyeza kinywa cha mtu mwingine. Akanipiga picha ya eksirei, akaitundika. Mfupa wa chini umeliwa, mwanangu, ukingo wake ni kama kitambaa kilichotafunwa na panya. Nimekutajia panya mwenyewe. Meno saba hayana pa kushika. Na kwenye pengo langu, lile pengo maarufu, kulikuwa na mstari mweupe umesimama wima, una kichwa.

Binti akauliza hii ni nini. Nikamwambia huyo ni wa thelathini.

Miezi mitatu na zaidi nimekula naye, nimelala naye, nimesoma barua zako mbele ya watu na yeye yumo ndani anasikiliza. Nyama ilishaanza kufunga juu yake. Wamemtoa, wamenipa ndani ya kikopo. Wameniambia nirudi wiki ijayo wakate kipande cha nyama ya chini ya taya wakipime, kwa sababu kuna sehemu haikumpendeza yule binti. Alipoishika sehemu hiyo aliniuliza imeanza lini, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nasikia kwamba ipo.

Nilipita kumwona kinyozi kabla ya kuondoka. Amekonda, shingo yote bandeji, na bomba linapiga mluzi akivuta pumzi. Hawezi kusema, wamempa kijitabu na penseli. Alinitazama kichwani muda mrefu, akaandika: "Umekuwa msitu." Tukacheka, yaani mimi nilicheka, yeye bomba lake lilienda mbio hadi muuguzi akaja kutazama. Nikamwambia nakungoja wewe, hakuna mwingine atakayekigusa kichwa hiki. Akaitikia kwa macho.

Halafu akachukua tena penseli. Wanataka kumng'oa meno mengine mawili kesho, na hali ya kifua chake haiwaruhusu kumlaza usingizi, na ganzi ya sindano wanasema haishiki vizuri kwenye nyama iliyooza. Aliandika polepole, akanigeuzia: "Siku ile ya koleo, ulifanyaje hata ukavumilia? Nifundishe."

Mpwa wangu, nimewaambia watu kwamba niliwahi kushona kochi usiku mmoja gizani, na kwamba mbwa wa kituo cha polisi alinisalimia kwa kichwa. Maneno hayajawahi kuniishia. Pale yaliishia. Nilimshika mkono nikamwambia atazame dirishani na ahesabu misumari, moja hadi thelathini. Alitikisa kichwa kwamba ameelewa. Ananiamini. Kesho saa tatu asubuhi atakuwa anahesabu.

Kwa hiyo nakuandikia wewe kile ambacho sikumjibu, na barua hii usiitume kwa mama yako, wala mimi siisomi kwa mtu. Koleo silo. Nilikuwa nakunywa chai, nimechovya mkate, mkate laini wa jana yake, nikauma, nikahisi kitu kigumu nikadhani ni punje ya mchanga. Nikakitema mkononi. Lilikuwa jino, zima, na mzizi wake. Halikuuma hata kidogo. Nililifunga kwenye kitambaa, nikalia kidogo, kisha nikasikia kinyozi anabisha hodi, na koleo lilikuwa mezani.

Mjomba wako